Fedha Inunuliwayo kwa Kibaba

Karani mmoja wa kiwanda cha Thika, ambaye hupenda kuisoma safu hii na kuibishia, ameniletea barua fupi. Auliza: "Je, Bwana, mitambo hii mipya, yaani simu za mkononi na barabara hizi pana, yawasogeza maskini karibu na matajiri, ama yawatenga zaidi? Tafadhali jibu ndiyo au siyo, maana wewe huzungukazunguka sana kabla ya kujibu." Namshukuru kwa barua yake. Kuhusu kuzungukazunguka, nakiri kosa. Walakini leo pia nitamwomba anivumilie, kwa kuwa jibu langu lapitia Kamakis, tena lapitia nyumbani kwa dada yangu, na njia hiyo haina mkato.

Kamakis, kwa faida ya wasomaji walio mbali, ni mahali katika mji wa Ruiru, kwenye barabara ile izungukayo Nairobi kwa upande wa mashariki, si mbali na pale inapokutana na barabara kuu ya Thika. Kandokando ya njia pamejaa nyumba za nyama choma. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtu aweza kuuona moshi wa mbuzi kabla ya kuziona nyumba zenyewe. Motokaa zimesimama zimebanana kama ng'ombe mnadani, muziki wa nyumba hii wagombana na muziki wa nyumba ile, na wachoma nyama, wamevaa makoti meupe, wapita na ubao na kisu wakikatakata mbele ya wageni. Naam, nami nilikuwako. Sikwenda kwa ulafi, au tuseme sikwenda kwa ulafi peke yake. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, aliniomba tuonane huko kwa sababu ana neno zito la kuniambia. Vijana wa siku hizi neno zito hawalisemi nyumbani.

Alichelewa. Nikatoka nyuma ya nyumba kunyoosha miguu, nikamkuta mama mmoja wa umri kama wangu ameketi juu ya kibao, akikata nyanya na vitunguu vya kachumbari katika karai. Tukaamkiana. Nikamwuliza kama yeye ni mwenyeji.

"Mzee," akasema, "hapo penye gari jekundu palikuwa na mistari ya kahawa. Miaka ishirini na miwili nimechuma kahawa ya mashamba haya. Nilikuja nikiwa msichana."

Na kweli, zamani upande huu wa Ruiru ulikuwa nchi ya kahawa. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya Wazungu yalienea nchi hii yote kati ya Nairobi na Thika. Mwafrika wakati huo aliweza kuichuma kahawa wala si kuipanda. Katika wilaya hizi za kati ruhusa ilifunguka hasa baada ya mpango wa kilimo wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954. Kituo cha utafiti wa kahawa kingaliko Ruiru hata leo, na ndiko ilikotoka ile aina iitwayo Ruiru 11, waliyopewa wakulima mwaka 1985 ili ishindane na ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Nadhani wako wataalamu wa kahawa ng'ambo walijuao jina la Ruiru ambao hawajapata kusikia habari ya nyama ya Kamakis; na wako vijana wa Nairobi waijuao Kamakis kwa usiku na mchana ambao hawawezi kuutambua mti wa kahawa hata wakiegemezwa juu yake.

Yule mama akanieleza jinsi walivyolipwa. Mchumaji hulipwa kwa debe. Asubuhi waingia mistarini, alasiri wapeleka kahawa kwenye kipimo, na nyapara aangalia kama debe limejaa. "Halikuwa likijaa," akasema akicheka. "Nyumbani lajaa, kwenye kipimo halijai. Nyapara alilitikisa kidogo, kahawa ikashuka, nami naambiwa ongeza." Kisha jioni akipita dukani ananunua unga wa siku ile, sukari ya kupimiwa katika karatasi, na mafuta ya taa ya chupa moja.

Neno hilo lilinikaa moyoni, nami naomba wasomaji walishike, kwa sababu tutalirudia. Kazi yake aliiuza kwa debe la mwenzake, na chakula chake akakinunua kwa kibaba cha mwenzake, au kama wasemavyo huku kwetu, kwa gorogoro. Mwenye kununua gunia hununua kwa bei ya gunia. Mwenye kununua gorogoro hulipa bei ya gunia, na juu yake usafiri, faida ya duka, na mkono wa mwenye kupima. Basi yule mwenye fedha kidogo ndiye alipaye zaidi kwa kila ratili.

Ikaja barabara. Kazi ya kuipanua barabara ya Thika ilianza mwaka 2009, ikafunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, yapata kilomita 50. Barabara ya kuzunguka mashariki nayo ikafunguka katika miaka hiyo hiyo. Sensa ya 2009 iliukuta mji wa Ruiru na watu wapatao 238,000. Ile ya 2019 iliukuta na watu zaidi ya 490,000. Kahawa ikang'olewa, na mawe ya mpaka yakasimamishwa. Hapo zamani mtu akitaja bei ya ardhi hapa alitaja bei ya ekari. Leo hutaja bei ya futi hamsini kwa mia, yaani kipande ambacho ng'ombe akigeuka ndani yake hana budi kuomba radhi kwa jirani.

Sitaki kuwalaumu wote waliopata utajiri kwa njia hiyo. Baadhi yao walikuwa vibarua, makarani na wachuuzi waliotoa shilingi zao katika miaka ya 1970 kununua hisa katika makampuni ya kununua mashamba, wakangoja miaka mingi wakichekwa, wakapewa vipande vyao, na barabara ikawakuta. Hao walistahili. Lakini barabara ilimkuta mtu jinsi alivyo. Mwenye ekari kumi ilimkuta na ekari kumi. Yule mama ilimkuta na kikapu cha mwenye shamba, nacho alikirudisha siku ya kuachishwa kazi. Sasa akaa katika chumba cha kupanga, na baadhi ya nyumba zinazopangishwa hapa zimesimama katika mistari aliyoipalilia.

Hapo mpwa wangu akafika na pikipiki yake, akaizima, akaja na uso uliokunjamana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Keti. Nyama iko motoni."

Hakutaka nyama. Nikajua mambo yameharibika kweli.

Kijana huyu si mvivu. Huamka saa kumi na moja alfajiri kuwachukua makarani na wanafunzi mpaka barabarani, tena usiku hurudi kuwachukua walaji nyama, ambao hulipa vizuri lakini hushika vibaya. Pikipiki aliichukua kwa mkopo wa kampuni moja ambayo sitaitaja. Kwa fedha taslimu, dukani, pikipiki ile ilikuwa Shs. 165,000/-. Yeye hakuwa nazo. Alitoa Shs. 25,000/- mwanzo, akatia sahihi kulipa Shs. 500/- kila siku kwa siku 500. Nilitoa kalamu nikamwandikia juu ya karatasi ya kufungia nyama: mia tano mara mia tano ni Shs. 250,000/-, ongeza zile za mwanzo, zawa Shs. 275,000/-. Kwa hiyo, kwa kukosa Shs. 165,000/- za siku moja, alipa Shs. 110,000/- zaidi. Aliitazama hesabu ile kama mtu aonyeshwaye picha ya jeraha lake mwenyewe.

"Sikuwa nimeijumlisha, mjomba," akasema. "Nilitazama mia tano tu. Mia tano naiweza."

Siku 410 alikuwa amekwisha kuzilipa. Zilibaki 90. Lakini mvua za masika zilimzuia kazi, na mtoto wake akalazwa, na kila siku iliyopita bila mia tano ilikuwa siku ya hatari, kwa maana mkataba wasema wenye pikipiki waweza kuichukua. Basi akaanza kukopa katika simu ili kulipa pikipiki. Alikopa mahali pa kwanza. Siku za kulipa zilipowadia akakopa mahali pa pili kulipa pa kwanza, kisha pa tatu kulipa pa pili. Jumla ya madeni ya simu ilikuwa Shs. 38,000/-, nayo yaliongezeka yeye akiwa amelala.

Ndugu karani, najua utasema: "Si nilikwambia? Simu imemwangamiza." Ngoja kwanza. Simu hiyo hiyo ndiyo imletayo dada yangu fedha za maziwa bila kupanda matatu. Kabla M-Pesa haijaanza, mwezi wa Machi 2007, mtu aliyetaka kutuma shilingi mia tano nyumbani alimpa dereva katika bahasha, kisha akakaa juma zima akimwombea dereva yule asipatwe na tamaa. Tangu Novemba 2012, ilipoanza M-Shwari ya Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa, mtu asiyejua hata mlango wa benki ulivyo aliweza kukopa akiwa amekaa kitandani. Tena Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo humalizia malipo ya mtu aliyepungukiwa. Kufuliza kwa Kiswahili ni kuendelea bila kukoma, na waliolichagua jina hilo nadhani walikuwa wakifikiria upande mmoja tu wa maana yake.

Wazee wetu walikuwa na shida ya namna nyingine. Katika siku za ukoloni, sheria ya 1948 juu ya mikopo kwa Waafrika ilifanya kwamba mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kudai kortini deni la Mwafrika lipitalo Shs. 200/-, isipokuwa lilikuwa limeidhinishwa na serikali. Sheria ilisemekana kuwa ya kumlinda Mwafrika. Tokeo lake ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumkopesha fedha za maana za kufungulia duka au kununulia lori. Wao walibisha mlango wa mkopo usifunguliwe. Mpwa wangu mkopo wamgongea mlango yeye, usiku wa manane, kwa ujumbe wa kumwambia kwamba ana bahati, kiwango chake kimepandishwa.

Basi tatizo liko katika kibaba. Tulipige hesabu. Ada ya M-Shwari, jinsi ilivyowekwa na kutangazwa wazi, ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Aliyekopa Shs. 20,000/- alilipa ada ya Shs. 1,500/- kwa mwezi mmoja. Yaonekana ndogo, na kwa mwenye shida ya siku chache kweli ni ndogo. Mchuuzi anunuaye mboga alfajiri na kuziuza jioni aweza kuilipa akabaki na faida. Sasa nenda katika vyama vyetu vya ushirika wa akiba na mikopo, ambavyo vingi hutoza asilimia moja kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Shs. 20,000/- hizo hizo, zikilipwa kidogo kidogo kwa miezi 12, riba yake yote ya mwaka ni Shs. 1,300/-. Rudia kusoma, ndugu msomaji, maana mimi mwenyewe nilirudia kuhesabu mara tatu huku nyama ikipoa: mwezi mmoja wa simu wapita mwaka mzima wa ushirika.

Kwa nini basi watu hawakimbilii ushirika? Kwa sababu ushirika hutaka uwe umeweka akiba kwanza, tena ulete wadhamini, tena ungoje. Simu haitaki mdhamini. Yampokea mtu ambaye hakuna amjuaye wala amwaminiye. Hilo ndilo jema lake, nalo ndilo linaloleta bei ile. Aliye na kitu apata fedha kwa bei ya gunia. Asiye na kitu auziwa fedha kwa kibaba, na mwenye kupima ana mkono wake.

Mimi binafsi nilipata kuujua mkono huo. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua, akaniambia kwa sauti ya ukali kwamba kijana fulani ni mwizi, na kwamba mimi, nikiwa jamaa yake, ni aibu kwangu. Alipigiwa pia mwalimu wake wa zamani, na mzee wa kanisa, na fundi wa pikipiki, kwa vile kampuni ile ilikuwa imeyachota majina yote yaliyokuwa katika simu ya kijana. Deni lenyewe lilikuwa Shs. 2,700/-. Sitaitaja kampuni hiyo. Wengine wengi walitendwa vivyo hivyo na wakopeshaji wa namna hiyo, mpaka sheria ya Benki Kuu iliporekebishwa mwishoni mwa 2021, na kanuni za 2022 zikawataka wakopeshaji wa simu wapate leseni na zikawakataza kuwasumbua jamaa na marafiki wa mdaiwa. Hiyo ni kazi njema ya serikali na bunge, nami siyo mtu wa kuwasifu kila juma.

Narudi Kamakis. Mpwa wangu alitulia, akatazama chini, kisha akalitoa lile neno zito.

"Mjomba, nataka umwambie mama auze kipande kidogo cha shamba. Hamsini kwa mia tu. Kuna mtu amekwisha kuja kukipima."

Hapa yanipasa niwaeleze habari ya shamba hilo, hata kama haininyanyui mimi. Liko upande wa Gatundu, lilikuwa la marehemu baba yetu, ekari mbili na nusu za kahawa na majani ya ng'ombe. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimbagui mtoto wa kike na wa kiume katika mali ya mzazi aliyekufa bila wasia. Dada yangu, aliyekuwa amerudi nyumbani na mwanawe mchanga, aliomba fungu lake. Wazee walinung'unika, wakasema binti huolewa na ardhi haiolewi. Mimi sikunung'unika kwa sauti. Nilinyamaza tu, nikitumaini kwamba wazee watasema kwa niaba yangu. Hakimu akampa fungu lake sawa na sisi. Nilichukua muda mrefu kabla ya kumtembelea.

Basi ndilo fungu ambalo mwanawe sasa alitaka likatwe. Nikamwambia kwamba ardhi ya kilimo haiuzwi kwa kupimwa na mtu wa njiani. Sheria ya Usimamizi wa Ardhi ya 1967 yataka kibali cha bodi ya ardhi, na bodi huuliza familia yasemaje. Akajibu kwamba aliyekuja kupima alisema mambo hayo ataweza kuyatengeneza. Nikamwambia kwamba huo ndio ushahidi wa kwanza dhidi yake.

Kesho yake, Jumapili, tukaenda Gatundu sisi wawili. Dada yangu alitusikiliza akiwa anakamua ng'ombe, hakugeuza kichwa. Tulipomaliza akauliza swali moja tu: "Deni ni kiasi gani, na kuipiga pikipiki mpaka mwisho kumebaki kiasi gani?" Tukamwambia: la simu Shs. 38,000/-, na pikipiki siku 90, yaani Shs. 45,000/-.

Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kitabu kidogo chenye jalada lililochakaa. Kumbe tangu alipopata fungu lake alikuwa akipeleka maziwa, na kila mwezi chama cha ushirika kilikata kidogo katika malipo yake na kumwekea akiba. Sikujua. Yeye hakuniambia, na mimi sikuwa ndugu wa kuambiwa. Kwa akiba ile aliweza kukopa mara tatu yake, maadamu ana wadhamini.

"Shamba haliuzwi," akasema. "Nitakopa Shs. 38,000/- ulipe watu wa simu siku moja, wote watatu, nione ujumbe wa mwisho kwa macho yangu. Wewe utanilipa mimi kila mwezi. Pikipiki utailipa kwa kazi yako, kwa maana siku tisini si mwaka. Na wewe, kaka," akanigeukia, "utakuwa mdhamini."

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Riba ya mkopo ule kwa mwaka mzima yaja Shs. 2,470/-, watu wa simu wangalizichukua katika mwezi mmoja na kudai zaidi. Niliwaza njiani wakati wa kurudi kwamba laiti wazee wangalishinda katika shauri lile la urithi, dada yangu asingalikuwa na ng'ombe, wala kitabu, na mwanawe angalikuwa anakopa mahali pa nne.

Lakini yule mama wa kachumbari je? Yeye hakurithi, hakupewa, hana kitabu. Nilirudi kumtafuta juma lililofuata, kwa kuwa fikira zangu hazikutulia. Nikamwuliza kama hukopa katika simu. Akasema alikopa mara mbili, akaacha. Sasa wako wanawake kumi na wawili, wengi wao waliochuma kahawa pamoja, na kila juma kila mmoja hutoa Shs. 200/-, na mmoja hupokea Shs. 2,400/- zote, wakifuatana kwa zamu. Hakuna riba. Mweka hazina ni mjukuu wake, msichana wa darasa la nane, kwa kuwa fedha hupita katika simu na yeye ndiye asomaye ujumbe upesi. Zaidi ya hayo, mahindi yakiwa rahisi baada ya mavuno, hawanunui tena gorogoro. Hununua magunia kwa pamoja kutoka kwa lori, wakayagawa wenyewe uani. Gunia moja hutoa gorogoro arobaini na zaidi kidogo.

"Nani hupima?" nikamwuliza.

"Mimi," akasema. "Nami silitikisi."

Nilimwuliza pia kama anadhani barabara imewafaidi watu wa hapa. Akafikiri, huku kisu kikienda. Akasema kwamba sasa hospitali ni karibu, na kwamba wajukuu wake huiona Thika na Nairobi kama mlango wa jirani. Tena kodi ya chumba imepanda mara tatu tangu alipohamia, na mwenye nyumba amekwisha kusema atabomoa ajenge ghorofa. Akifukuzwa hapa atakwenda mbele zaidi, ambako barabara bado haijafika, mpaka ifike. Alilisema bila uchungu, kama mtu atajaye majira ya mvua. Mimi ndimi niliyeona uchungu. Chama chao cha Shs. 200/- chaweza kuyashinda maduka ya gorogoro. Hakiwezi kununua hamsini kwa mia. Kwa jambo hilo sijaona dawa katika mikono ya wanawake kumi na wawili, wala sidhani ni haki kuwaachia wao peke yao. Wanaopanga miji yetu hujua kuchora mahali pa maduka na mahali pa motokaa kusimama. Ningependa kuona katika ramani zao mahali pa mama huyu.

Sasa, ndugu karani, umeniuliza ndiyo au siyo. Dada yangu simu imemsogeza mbele, mwanawe nusura imzamishe, na wote wawili wana simu za namna moja. Ukitaka kunibishia, karibu Kamakis, nyama nitanunua mimi. Ila usije Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu meza hazipatikani, na mpwa wangu siku hiyo hana nafasi ya kukuchukua. Zimebaki siku sitini na tatu.